Shilingi ya Kenya na ya Tanzania zilianza zikiwa sawa, moja kwa moja, sasa zilifikaje moja kwa ishirini?

Mwaka 1982 baba yangu mdogo aliswaga ng'ombe usiku kupitia njia za panya upande wa Namanga, akawauza ng'ambo ya pili, akarudi na shilingi 3,000 za Kenya. Hadithi hii kwetu kila mtu anaijua maana ndo pesa iliyoanzisha nyumba ya bibi. Sasa juzi kati tulikuwa tunaandika kumbukumbu za familia ikaja hoja ndogo tu, hizo 3,000 zilikuwa shilingi ngapi za kwetu Tanzania? Mmoja akashika simu akazidisha mara ishirini, akasema 60,000. Mwingine akasema hapana, enzi hizo shilingi zilikuwa sawasawa, andika 3,000. Mimi nikaenda kutafuta jedwali la zamani nikakuta kitu kilichonishangaza, kwa kiwango rasmi cha mwisho wa mwaka ule inatoka kama 2,250, yaani shilingi ya Kenya ilikuwa ndogo kuliko ya Tanzania. Na baba mdogo mwenyewe amekaa pale anatikisa kichwa, anasema nyie hamjui kitu, mtu aliyenibadilishia alinipa zaidi ya mbili kwa moja.

Majibu manne kwa swali moja. Nikaona hili jambo linastahili kufafanuliwa taratibu, kwa sababu watu wengi sana wanaangalia hii namba ya ishirini wanadhani imekuwepo tangu enzi, au wanadhani ndo kipimo cha uchumi wa Kenya umetuzidi mara ngapi, na yote mawili siyo kweli.

Tuanze na kwamba hizi hazikuwa pesa mbili. Ilikuwa moja. Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1919, makao yake London, na kabla ya hapo huku watu walitumia rupia, Kenya na Uganda ile ya India na kwetu Wajerumani walikuwa na rupia yao ambayo mwanzoni iligawanywa kwa pesa 64 na kuanzia 1904 ikawa heller 100. Ikaja florini kwa muda mfupi mwaka 1920, halafu 1921 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, 20 kwa pauni moja ya Uingereza. Zanzibar ilibaki na rupia yake mpaka 1936 nayo ikaingia. Kwa hiyo mtu wa Kisumu, wa Moshi, wa Jinja na wa Unguja wote walishika noti ileile, na ukivuka mpaka hakuna cha kubadilisha.

Huo mfumo wa bodi ulikuwa rahisi kuuelewa, kimsingi kila shilingi iliyotoka ilibidi iwe na pauni nyuma yake huko London. Hakuna serikali ya huku ambayo ingeweza kuamua tu kuchapa. Ndo maana nchi zilipopata uhuru mfumo ule ukawabana, maana serikali mpya zilitaka kukopa, kujenga, kupanga mikopo yao zenyewe, na huwezi kufanya hivyo kama pesa yako inaendeshwa na bodi isiyo yako. Juni 1965 mawaziri wa fedha wa nchi tatu wakatangaza kila mmoja anaenda na benki kuu yake. Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa 14 Juni 1966, ya Uganda ikafuata Agosti, ya Kenya Septemba. Gavana wa kwanza wa kwetu alikuwa Edwin Mtei, lishike hilo jina maana atarudi.

Hapa ndo sehemu ambayo watu hawaijui vizuri. Kutengana kwa noti hakukuleta tofauti ya thamani. Nchi zote tatu zilianza na kiwango kilekile, shilingi 7.14 kwa dola moja ya Marekani, kwa hiyo moja ya Kenya ilikuwa moja ya Tanzania. Na wakaenda pamoja kama ndugu wanaotembea gizani wameshikana mikono. Novemba 1967 Waingereza waliposhusha pauni kutoka dola 2.80 hadi 2.40, nchi zetu zilikataa kushuka nayo, zote kwa pamoja, na ile pauni ya shilingi 20 ikawa ya shilingi 17 na senti 14. Dola iliposhushwa 1973 wote wakahamia 6.90. Oktoba 1975 wote wakaachana na dola wakajifunga kwenye SDR, ambayo ni kipimo cha fedha cha IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, kinachojengwa na kapu la sarafu kubwa, kwa kiwango kilekile cha 9.66. Mwisho wa mwaka huo dola ilikuwa 8.26 Nairobi na 8.26 Dar es Salaam.

Sasa angalia hii. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mwezi Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, shirika la ndege limegawanyika, reli imegawanyika, watu wanatukanana redioni, na bado mwisho wa 1978 dola moja ilikuwa shilingi 7.40 za Kenya na 7.41 za Tanzania. Siasa ilishaachana, vitabu vya benki bado vimeoana. Mimi nilipoiona hiyo nilirudia kuisoma mara mbili.

Lakini kuwa sawa kwenye kitabu ni jambo moja na kuweza kubadilishana ni jambo lingine. Mwanzoni kweli ungeweza kupeleka noti ya jirani benki ukapewa ya kwako, lakini kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kila nchi iliweka udhibiti wa fedha za kigeni hata dhidi ya mwenzake. Yaani moja kwa moja ilikuwepo, ila siyo wewe wa kuipata. Kiwango kilikuwa cha serikali na serikali, cha mwagizaji mwenye kibali, cha mtu aliyepitishwa. Ukishaelewa hapo, mengine yote yanafuata.

Mwaka 1979 ndo zikaachana kweli. Tanzania ilishusha thamani kidogo mwanzoni mwa mwaka, na kufikia mwisho wake nchi ilikuwa imetoka kwenye vita ya Kagera, vita iliyogharimu mamia ya mamilioni ya dola, mafuta yamepanda bei duniani, ile neema ya kahawa ya 1976 na 1977 imeisha, na mashirika mengi ya umma yanaendeshwa kwa hasara inayozibwa na mkopo wa benki, ambao ukiutazama vizuri ni pesa mpya inayochapwa. IMF wakaja na sharti la kushusha shilingi kwa kiasi kikubwa. Mwalimu Nyerere akakataa. Mtei, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Fedha baada ya kuwa Katibu Mkuu wa mwisho wa ile Jumuiya iliyovunjika, alikuwa anaona hakuna njia ya kukwepa, akajiuzulu Desemba 1979. Tuseme ukweli kila upande ulikuwa na hoja, Mwalimu aliona kushusha shilingi ni kupandisha bei ya kila kitu kinachotoka nje kwa maskini, na Mtei aliona hiyo bei imeshapanda tayari ila imejificha. Mimi nadhani kwenye hili Mtei alikuwa sahihi, na namba za baadae ndo zinanifanya niseme hivyo.

Maana nini kilitokea? Kenya, kimyakimya, ilishusha shilingi yake mara mbili ndani ya 1981 na tena Desemba 1982. Kutoka 7.57 kwa dola mwisho wa 1980 ikaenda 10.29, halafu 12.73. Tanzania ikang'ang'ania, 8.18, halafu 8.32, halafu 9.57. Gawanya uone. Mwisho wa 1982, 9.57 kwa 12.73 ni 0.75. Yaani kwenye karatasi shilingi moja ya Kenya ilinunua senti 75 tu za Tanzania! Katika historia yote ya hizi pesa mbili, kipindi ambacho shilingi yetu ilikuwa "ngumu" kuliko ya Kenya kwa mujibu wa jedwali ndo kipindi ambacho madukani hakukuwa na sabuni, sukari inatolewa kwa foleni, na dawa ya meno ni zawadi ya mtu aliyetoka Nairobi. Kama unataka mfano mmoja tu wa kwa nini ukubwa wa namba siyo uzima wa uchumi, ni huo.

Watu hawakusubiri jedwali. Bidhaa ziko Kenya, Kenya wanataka shilingi ya Kenya, kwa hiyo shilingi ya Kenya ikawa dhahabu mitaani. Magendo yakashamiri mpaka wote, Namanga, Holili na Taveta, Sirari na Isebania, Horohoro na Lunga Lunga, kahawa na mifugo inavuka kwenda, sabuni na mafuta ya kula na nguo zinavuka kuja. Na kila pesa iliyobadilika mkono huko vichakani ilibadilika kwa bei ya waliokuwepo pale. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaendesha ile vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu wakatupa mali usiku, walanguzi wakakamatwa, lakini ile pengo kati ya bei ya kitabu na bei ya mtaani haikufa, kwa sababu haikuletwa na walanguzi, walanguzi waliletwa na pengo. Nawaelewa waliokuwa na hasira enzi zile, foleni zilikuwa ngumu na mtu anayekuuzia sukari mara nne ya bei huwezi kumpenda, ila chanzo kilikuwa ndani ya hiyo namba iliyogomewa.

Twende kwenye hesabu kidogo, siyo ngumu. Chukulia nchi moja bei zinapanda asilimia 30 kwa mwaka, jirani yake asilimia 12. Tanzania miaka ya 1980 ilikuwa inazunguka hapo kwenye 30, na hiyo 12 ya jirani nimeiweka ya kukadiria tu. Ili mtu asipate faida ya bure kwa kuvuka mpaka, pesa ya nchi ya kwanza inabidi ishuke kila mwaka kwa tofauti hiyo, 1.30 gawa kwa 1.12 unapata 1.16. Inaonekana ndogo. Ila zidisha yenyewe kwa yenyewe, baada ya miaka 8 inakuwa mara 3.3 na baada ya 10 inakuwa kama mara 4.4. Maana yake ni kwamba ukishikilia moja kwa moja kwa miaka kumi huku bei zako zinakimbia hivyo, haukuilinda pesa, umeahirisha tu, na deni linaongezeka kila mwaka.

Na tuliahirisha kweli. 1983 tulishusha hadi kama 12, 1984 tukaenda 17, na kwa kuwa Kenya nayo ilikuwa inashuka polepole, angalia mwisho wa 1985, mwezi mmoja na kitu baada ya Mwalimu kumkabidhi nchi Mzee Mwinyi. Tanzania 16.50 kwa dola, Kenya 16.28. Moja kwa moja! Miaka 19 tangu benki kuu zifunguliwe, na jedwali linasema hakuna kilichobadilika. Wakati huohuo bei ya dola mtaani Dar ilikuwa zaidi ya mara tano ya hiyo rasmi. Ndo maana yule ndugu yangu aliyesema "enzi hizo zilikuwa sawa" hakudanganya, kasoma namba ya kweli ya kitu ambacho hakikuwa kinauzwa.

Halafu bwawa likapasuka. Juni 1986, chini ya mpango wa kufufua uchumi, dola ikatoka 17 ikawa 40 kwa mkupuo. Mwisho wa mwaka 51.72. Mwisho wa 1987 ni 83.72, 1988 ni 125, 1989 ni 192. Kenya kwenye muda huohuo ilitoka 16 ikafika 21.60. Kwa hiyo shilingi moja ya Kenya, ambayo Desemba 1985 ilikuwa moja ya kwetu, Desemba 1986 ikawa 3.2, mwaka uliofuata 5, halafu 6.7, halafu 8.9. Miaka minne! Mtu aliyelala 1985 na kuamka 1989 angedhani nchi imeungua, wakati kiukweli madukani vitu vilikuwa vimerudi. Hapo ndo watu wazima wengi walipoanza kuita shilingi yetu pesa ya madafu, na uchungu wao naujua, mtu alikuwa na akiba yake benki na thamani yake ikayeyuka. Ila kilichoshuka 1986 siyo thamani, thamani ilishashuka zamani, kilichoshuka ni tangazo.

Ukitaka kujua lini namba rasmi ilianza kusema ukweli, miaka ni 1992 hadi 1994. Sheria ya fedha za kigeni ya 1992 iliruhusu maduka binafsi ya kubadilisha fedha, mtu anaingia tu mlangoni na dola zake anatoka na shilingi bila kuulizwa kazipata wapi. Agosti 1993 bei ya benki kuu na bei ya soko zikaunganishwa, na 1994 mabenki yakaanza kuuziana fedha za kigeni yenyewe kwa yenyewe. Kuanzia hapo jedwali la Tanzania unaweza kulisoma bila kuuliza mara mbili. Kabla ya hapo uliza.

Na Kenya? Watu wa kwetu tunapenda kudhani Kenya hawakuwahi kuonja. Walionja, na vibaya. Wafadhili walisimamisha misaada Novemba 1991, ukaja uchaguzi wa 1992 na pesa nyingi ikamwagwa, juu yake kashfa ya Goldenberg ambayo ilichota hazina kwa kisingizio cha kuuza dhahabu nje. Dola ikatoka 28 mwisho wa 1991, ikaenda 36, na mwisho wa 1993 ikawa 68. Mfumuko wa bei mwaka huo ulikuwa karibu asilimia 46. Halafu, jambo ambalo huwa halitokei mara nyingi, ikarudi, mwisho wa 1994 dola ikawa 44.84.

Sasa hapa nataka ukae na mimi kidogo maana ndo penye kosa ambalo hata watu wasomi wanalifanya. Ukitazama tu kiwango cha Kenya kwa Tanzania, mwisho wa 1992 ni 9.2, mwisho wa 1993 ni 7.0, mwisho wa 1994 ni 11.7. Mtu akiona hiyo chati anasema, aah, 1993 shilingi ya Tanzania iliimarika sana halafu 1994 ikaanguka vibaya. Wala! Tanzania ilitoka 335 kwenda 480 kwenda 523, yaani ilishuka mwaka wote wa 1993 na 1994 ilitulia. Aliyeruka huku na huku ni Kenya. Kiwango cha pesa mbili ni kama bembea, ukiona upande mmoja umepanda hujui kama huyu kapanda au yule kashuka, mpaka uweke kitu cha tatu pembeni, na kwa huku kwetu kitu cha tatu ni dola. Tena siyo kwa kulinganisha tu, hivyo ndo bei yenyewe inavyopatikana. Hakuna soko kubwa la moja kwa moja la shilingi kwa shilingi, unachoona kwenye apu ni bei ya dola Dar gawa kwa bei ya dola Nairobi, basi. Kwa hiyo benki kuu ya Marekani ikipandisha riba na dola ikapanda kote sawasawa, zetu mbili zinaweza zisisogee hata kidogo kati yao.

Mfano wa karibuni ni huohuo. Mwisho wa 2023 Kenya ilikuwa na hofu ya hati fungani, yaani mkopo wa serikali kutoka kwa wawekezaji, ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni 2024, dola ikafika karibu 157 na Januari ikapita 160. Kiwango na sisi kikashuka hadi kama 16. Februari 2024 wakauza hati fungani mpya, wakanunua sehemu kubwa ya ile ya zamani, hofu ikaisha, ndani ya wiki chache dola ikarudi karibu 130, na sisi tukajikuta tena kwenye 19 na kitu. Wafanyabiashara wa Arusha waliolipwa kwa shilingi ya Kenya waliumia halafu wakapumua ndani ya miezi mitatu, na Tanzania haikuwa imefanya chochote.

Ukiondoa hayo mawimbi, tangu 1995 mwendo ni wa taratibu. Mwisho wa 1995 ilikuwa kama 9.8, mwaka 2000 kama 10.3, 2005 ni 16, 2015 ni 21, 2019 ni zaidi kidogo ya 22, halafu ikarudi nyuma. Linganisha na mwanzo, kutoka 1 hadi karibu 12 ilichukua miaka tisa tu, 1986 hadi 1994. Kutoka 12 hadi hizi 18, 19, 20 za sasa imechukua miaka thelathini. Kwa maneno mengine ile namba ya ishirini unayoiona kwenye simu yako, sehemu kubwa ni kovu la kidonda cha zamani, siyo kidonda kipya.

Na ukubwa wake peke yake hauna maana yoyote. Dola moja mwaka 2024 ilikuwa karibu yeni 150 za Japani na shilingi 130 za Kenya, kwa hiyo shilingi ya Kenya "kubwa" kuliko yeni, je Kenya ni tajiri kuliko Japani? Msimbazi mmoja, yaani noti ya 10,000, ni kama shilingi 500 za Kenya, sawa, lakini swali la kuuliza ni huyo mtu anapata misimbazi mingapi kwa mwezi na kila mmoja unanunua nini. Kiwango kikikaa 20 miaka kumi na bei zikapanda sawa pande zote mbili, hakuna aliyepoteza. Kikikaa 20 lakini bei za upande mmoja zikapanda maradufu, hapo kuna jambo kubwa limetokea na kiwango hakijakuambia.

Kwa wanaotafuta viwango vya zamani kwa ajili ya kesi, mirathi, utafiti au ubishi tu wa nyumbani, kuna mambo ya kuangalia. Kwanza ujue namba ni wastani wa mwaka au ni ya siku ya mwisho wa mwaka. Ile 2,250 yangu niliitoa kwenye namba za Desemba 1982, na Kenya ilishusha shilingi mwezi huohuo wa Desemba! Ukichukua wastani wa mwaka, Kenya 10.92 na Tanzania 9.28, unapata 0.85, na zile 3,000 zinakuwa 2,550. Tofauti ya 300 kwa kosa la safu moja, na baba mdogo aliuza ng'ombe zake wakati wa kiangazi, kwa hiyo ya Desemba haimhusu kabisa. Lingine ni upande, kuna jedwali zinaandika ya Tanzania kwa Kenya, zinakuonyesha 0.05, na hiyo 0.05 imekatwa, inaweza kuwa 0.046 au 0.054, ambayo ukiigeuza ni kati ya 21.7 na 18.5. Kwa mzigo wa milioni moja ya Kenya hapo umekosea kwa zaidi ya milioni tatu za Tanzania, kwa hiyo siku zote chukua ile yenye namba kubwa. Halafu namba za kwenye apu ni za katikati ya bei ya kununua na ya kuuza, hakuna dirisha litakalokupa hiyo, na Jumamosi na Jumapili nyingi zinarudia tu ya Ijumaa.

Wanaouliza kama itarudi moja, itifaki ya sarafu moja ilisainiwa Kampala 30 Novemba 2013, lengo lilikuwa 2024, sasa linatajwa 2031. Watu wengi wanadhani tatizo ni kukubaliana ishirini ngapi kwa moja, hiyo wala siyo kazi, inafanyika kwa siku moja. Kazi ni kile kilichowashinda 1965, nani anakubali asiweze kuchapa.

Basi nikarudi kwa baba mdogo na daftari langu. Nikamwambia 60,000 nimeifuta, 3,000 nimeifuta, zimebaki 2,550 ya serikali na yako ya zaidi ya mbili kwa moja, ambayo ingekuwa zaidi ya 6,000, na mimi naiamini ya kwako kwa sababu ndo uliyoipokea, tena ile ya serikali hata ungeitaka usingeenda benki kuisema, kushika fedha za kigeni bila kibali lilikuwa kosa. Akacheka. Akasema alichobadilisha kilikuwa kama 400 tu, za nauli na za kumpa bibi mkononi. Zilizobaki hakuzibadilisha kabisa, alinunua mabati hukohuko Kenya, akanunua na katoni ya sabuni, vikavushwa usiku kwa punda. Kwa hiyo kwenye daftari nimeandika shilingi 3,000 za Kenya, na mbele yake, badala ya namba, nimeandika mabati na sabuni.